Barua Zisizo na Salamu

Tajiri Nasoro Badawi alikuwa keshashona joho la uenyekiti wa mji. Kilichobaki ni jambo dogo tu, kuchaguliwa. Mpinzani wake, Shehe Muhidini, hakuwa na hata baiskeli. Alikuwa na barua tu, alizowaandikia watu majumbani kwa mkono wa karani wake, Bi Mwanakheri, ambaye alikuwa mpangaji wa Nasoro. Nasoro akamwita.

"Waandikie watu wote wa Shehe, kwa jina lake, kwamba amejitoa na anawaomba wanichague mimi. La sivyo, kesho unahama nyumba yangu."

"Hewala, bwana. Nianze na salamu? Shehe huuliza hali ya goti la Mzee Fumo."

"Goti? Nagombea uenyekiti au uganga?"

"Na mjukuu wa Bi Chausiku, kama ameota meno?"

"Futa meno! Andika maneno ya maana tu."

"Kweli, bwana. Mtu mkubwa kama wewe, magoti ya watu ya nini?"

Nasoro alizisoma barua zote mwenyewe, akaridhika, akazituma.

Siku ya uchaguzi, kura zake hazikujaza hata kikombe cha kahawa.

"Umewaambia!" alifoka.

"Niwaambie nini, bwana, na barua umezisoma mwenyewe? Mzee Fumo alipoona hakuulizwa goti, alisema hii si ya Shehe, hii ni ya mtu anayetaka kura. Na goti limepona, alhamdulillahi. Alikwenda kituoni kwa miguu."