Mkaja wa Bi Mwanakombo

Wekeni pembeni mlichoshika, wakubwa kwa wadogo, mnisikilize. Nitasimulia bila kuegemea upande wowote, maana mwisho wake sinao mimi, nitawaomba ninyi.

Ngamiani, mjini Tanga, palikuwa na duka la kadi: kadi za Idi, kadi za Krismasi, na zaidi kadi za arusi. Walifanya kazi humo watu watatu. Kibwana Mohamedi Shemdoe alikuwa mchoraji. Kitu alichokitazama mara moja, mkono wake haukukisahau. Riziki binti Salimini alitunga maneno, na hata aliyenuna akisoma mwaliko wake alijiona ameombwa yeye peke yake. Tatu binti Feruzi alitia kadi katika bahasha, na kabla ya kuzifunga alizifukiza udi. Pua yake ilijua udi wa nyumba hii na udi wa nyumba ile, kama wewe unavyojua sauti za jirani zako.

Siku moja akaingia Bi Mwanakombo binti Jumbe, mjane wa Athumani Kilango, kuagiza kadi za arusi ya binti yake Mwanaidi. Riziki akamuuliza anataka kadi ya namna gani. Akasema, "Nina mwana Mpanda."

Mwana huyo ni Mwinchande bin Athumani, kifungua mimba wake. Aligombana na baba yake, akaondoka kwa hasira, akapata kazi katika kiwanda cha mbao huko Mpanda. Baba akafa, naye hakuja kuzika. Tangu hapo mama alimwandikia barua kila Ramadhani, na hakujibiwa hata moja. Hakutaka kumlaumu. Alitaka amwone akiingia mlangoni, hata kama hatasema neno.

"Kadi ya kwanza ipelekeni kwake," alisema. "Ikimleta, nimepona. Isipomleta, nitamwoza mwanangu huku nautazama mlango."

Kibwana hakuchora maua wala njiwa wawili, kama wateja wengi walivyopenda. Alikwenda akakaa mkabala wa nyumba ya Bi Mwanakombo, akaichora baraza yake na ile nguzo iliyopinda. Nguzo hiyo aliigonga Mwinchande utotoni, alipopanda baiskeli ya kuazima.

"Hata nguzo, Kibwana!" mama akalalamika. "Wakwe watasema nyumba yangu imelewa."

"Nikiinyoosha, Mama, itakuwa nyumba ya mtu mwingine."

Riziki naye akaandika maneno. Desturi ni kwamba mwaliko hutoka kwa jina la mkubwa wa nyumba, na baba akiwa amekufa, wengi hutaja ami. Riziki hakumtaja ami. Aliandika: "Mimi, Mwinchande bin Athumani, pamoja na mama yangu, nakualika nyumbani kwetu nikimwoza dada yangu Mwanaidi."

Ami yao, Mzee Zuberi Kilango, aliposoma alikuja dukani na bakora mkononi, akamkuta Bi Mwanakombo humo. "Asiyekuja kuzika ndiye anayealika? Na asipotokea? Wageni atawapokea nani, bahasha?"

"Watapokewa na wewe, Ami," Riziki akasema. "Lakini nyumba ya marehemu ina mtoto wa kiume. Mimi siwezi kumfuta."

Wote wakamgeukia Bi Mwanakombo. Alijua kuwa mwanawe asipokuja, mji mzima utajua. Akasema, "Liacheni jina lake. Muda mrefu hakuna aliyeliandika ila mimi."

Mzee Zuberi akatoka bila kuaga.

Tatu akabaki na kadi. Dukani palikuwa na udi mzuri kutoka Unguja, lakini hakuugusa. Alikwenda kwa Bi Mwanakombo akaomba udi anaoupika mwenyewe kwa sukari na karafuu.

"Huu wangu?" mama akacheka. "Huu hata paka anaukimbia."

"Huu huu, dada."

Akaifukiza ile kadi ya Mpanda, tena na tena, mpaka karatasi ikanywa moshi. Akaifunga, akaipeleka posta.

Hakuna jibu lililokuja. Siku ya arusi wageni wakajaa barazani, na wale watatu wa dukani wakiwamo. Mzee Zuberi alivaa kanzu yake mpya akakaa tayari kuozesha, na hakumsimanga shemeji yake, maana alimwona anavyoutazama mlango. Shehe alikuwa ameshafika pale mtu mmoja mwembamba, mwenye koti la vumbi, alipopanda baraza. Akaishika ile nguzo. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Wageni wangu wameshakula?"

Sitaeleza namna mama yake alivyomshika. Mzee Zuberi akainuka, akampisha kiti, na Mwinchande akamwoza dada yake.

Baadaye mama akamuuliza, "Barua zangu zote hukuzijali. Kadi hii ilikuwa na nini?"

"Barua zako niliziogopa, Mama. Nilizitia kwenye debe bila kuzifungua. Na hii nilikuwa naipeleka humo humo, ila ilinukia wewe, nikashindwa kuiachia. Nikaifungua. Nilipoiona nguzo nikakaa chini nikalia, lakini kuja sikuthubutu. Mtu asiyemzika baba yake anaingiaje nyumba ile? Ndipo nikasoma, nikakuta mwenye nyumba ni mimi."

Wakati huo shangazi za bwana arusi wakaleta mkaja. Kwa wasiojua, mkaja ni kitambaa anachojifunga mama tumboni akishazaa. Siku ya kumwoza binti, upande wa mume humpa mama kitambaa kipya, kumshukuru kwa uzazi wake. Hutolewa kimoja, na hakikatwi.

Bi Mwanakombo akakipokea, akakikunjua, akawageukia wale watatu wa dukani, akasema, "Leo nimepata mtoto bila kuzaa. Aliyenizalia Mwinchande mara ya pili ndiye mwenye mkaja huu."

"Kibwana naye ajifunge mkaja?" shangazi mmoja akapiga kelele, watu wakaangua kicheko.

"Nitampelekea mama yangu Korogwe," Kibwana akajibu bila kucheka. "Nina miaka sijamwona, na ile nguzo ndiyo iliyomliza mwanenu."

"Angelia akabaki Mpanda," Riziki akasema. "Aliyempa ruhusa ya kuingia ni nani?"

Tatu binti Feruzi hakujaliwa kuzaa, na hapakuwa na arusi ambayo angeletewa mkaja. Lakini Bi Mwanakombo hakutaka kuutoa kwa huruma. Alitaka uende kwa mwenye haki.

Basi amesimama pale, kitambaa mikononi, anawatazama wale watatu mmoja mmoja. Yupi kati yao aliyemrudisha Mwinchande: aliyemzuia asiitupe kadi, aliyemwonyesha kwao, au aliyemrudishia jina lake mlangoni? Semeni ninyi mliosikia: mngemfunga nani mkaja ule?