Jani la Tatu la Kifaru

— Ngano, ngano!
— Ije tuione!
— Ina macho?
— Inayo mawili.
— Yanaona?
— Tutajua mwishoni.

Basi. Shangazi yangu Binti Hatibu aliisimulia hivi, nami sipunguzi neno. Wapo wanaosema aliyeporwa alikuwa sungura. Si kweli. Alikuwa Pimbi, yule mdogo wa majabalini, na aliyempora alikuwa Kifaru.

Zamani wanyama walikuwa na chuo chao. Aliyetaka shahada ya kwanza ilimpasa aandike tasnifu, na mwaka ule Mwalimu Bundi alitoa sharti: "Mada iwe na biashara, na iwe na macho. Kimoja bila kingine, sitaki."

Mwanafunzi aliandika mada yake kwenye jani la mgomba, akaligonga alama ya mguu wake, akalichoma kwenye mwiba wa mgunga. Jani likishachomwa, mada ina mwenyewe. Kubadili ni mara mbili tu; mada ya tatu umeioa. Na kivuli cha mgunga kikigusa kichuguu, asiye na jani anarudi kwao.

Pimbi hakutaka kurudi mikono mitupu. Bibi yake ndiye aliyekuwa mlinzi wa jabali. Akimwona Tai hupiga ukelele, kwii! na ukoo mzima huingia mapangoni. Lakini macho ya bibi yalikuwa yamechoka. Mwezi ule alilipigia ukelele wingu, kisha Tai alipokuja kweli, akanyamaza. Binamu wawili hawakuonekana tena.

Siku ya mwisho Pimbi akaandika, kwaru kwaru, akamsomea rafiki yake Digidigi: "Duka la dawa za macho kwa wanyama wa vumbini."

"Nzuri hiyo!"

Kifaru alikuwa akijikuna mtini. Masikio yakamsimama. Roho ikamuuma. "Yake ina nini ambacho yangu haina?" Naye hakuwa na yoyote. Akaja, di! di! di! Akampora jani, akaligonga kwato, akalichoma mwibani.

"Kaka Kifaru, hiyo ni yangu!"

"Ilikuwa, mdogo wangu."

Pimbi akaandika tena, kwaru kwaru, akamsomea Digidigi: "Kliniki ya macho ya kuhamahama, na bei ambayo hata kobe ataimudu."

"Hii inaipita ile!"

Masikio ya Kifaru yakasimama. Roho ikamuuma kuliko mwanzo. "Yake ina nini ambacho yangu haina?" Di! di! di! Akaling'oa jani la kwanza, akalikanyaga, akachoma la pili.

"Kaka, utanimaliza!"

"Andika tu. Una mkono mzuri."

Lakini Pimbi aliona kitu. Jani la pili lilikuwa limechomwa juu chini, na Kifaru alikuwa amesimama mbele yake akilitazama kwa fahari. Pimbi akajisemea, "Huyu hasomi. Anasikia tu."

Akaandika majani mawili. Moja akalikalia. La pili akalikumbatia kifuani, akacheka peke yake.

"Nisomee," akasema Digidigi.

"Thubutu! Hii hata wewe utanionea wivu."

"Ninong'oneze basi!"

"Wala. Watu wana masikio."

Kifaru akatega sikio, hakusikia kitu. Jasho likamtoka. Mada isiyosikika ilimuuma kuliko zote mbili zilizosikika. Di! di! di! Pwaa! Akalipora, akaligonga, akalichoma.

"Hii utaibadilisha, kaka?" Pimbi akauliza, chozi moja likining'inia.

"Hii nimeioa!"

Pimbi akafuta chozi, akalichomoa jani alilolikalia, akaligonga mguu, akalichoma kwenye mwiba wa jirani. Kivuli kikagusa kichuguu.

Mwalimu Bundi akatua. "Kifaru, wasomee wenzako mada yako."

Kifaru akalisogeza jani puani. Akalisogeza mbali. "Mada inajieleza, Mwalimu."

"Soma."

"Mwandiko wenyewe mbaya."

"Si kwato lako hili?" Bundi akaligeuza jani, akasoma mwenyewe: "Kwa nini wakubwa wasioona vizuri hawanunui miwani: utafiti juu yangu mimi mwenyewe."

Kisha Digidigi, pfff! Nyani wakaporomoka matawini kwa kicheko.

"Nibadilishe, Mwalimu," Kifaru akanong'ona.

"Ya tatu hiyo, mwanangu. Umeioa."

Na jani la Pimbi? Liliandikwa: "Kuwauzia miwani wasiojua kwamba hawaoni." Akafungua duka, na miwani ya kwanza akampelekea bibi yake. Ya pili akaichukua Kifaru, kwa sababu utafiti ni utafiti. Akaivaa, akatazama huku na huku. "Lo! Kumbe yule jirani asiyeitikia salamu zangu ni mti!" Akazunguka chuoni shingo juu, miwani inang'aa juu ya pembe.

Chuo kizima roho ikauma. "Yake ina nini ambacho yangu haina?" akasema Nyati, akanunua. "Yake ina nini?" akasema Nyumbu, akanunua. Mwisho akaja Tai, anayemwona sisimizi kutoka mawinguni.

"Kifaru anayo, Nyati anayo. Mimi nani nisiwe nayo?"

"Lakini mjomba, wewe unaona vizuri."

"Unaninyima?"

"Nani akunyime, mjomba? Chukua hii ya kusomea, ndiyo nene kuliko zote. Na usiivue ukiruka. Wakuone."

Tai akapaa. Akaona pimbi mnono juu ya jabali. Akashuka, vuuu! Akalidonoa jiwe, kwa! Ndiyo sababu mdomo wa tai umepinda hadi leo. Bibi aliona yote kutoka kileleni. Siku hiyo hakupiga ukelele, alicheka.

Funzo ni hili, wanangu: wivu ni ugonjwa, haujamfaa mtu yeyote. Msioneane wivu. Ila ukiwa na cha kuuza, usiwakataze wenzio.

— Ngano imefumba macho.
— Sisi tumefumbua!