Bibi Aliyemwibia Mjukuu Wake Shoka

Ngano, ngano!
— Na ije!
Ije mikono mitupu?
— Ije na utamu wake!

Ya leo ina asali, na penye asali pana nyuki. Anayeogopa kuumwa akalale sasa hivi. Hakuna? Haya. Wewe uliyeegemea gunia, keti vizuri. Ukianza kukoroma nakuacha njiani.

Hapo kale, kale ya mababu wa mababu, kwenye vilima vya warina asali, palikuwa na mwanamke akiitwa Chiku. Alikuwa na mume, Mhando, mtu wa maneno machache. Alikuwa na mama mkwe, Bibi Mamvua, aliyesema maneno yake na ya Mhando pia. Na alikuwa na mwana mmoja tu, Mbelwa. Kijana, jamani! Akipanda mti, nyani wanampisha. Akishuka na asali, kijiji kizima kinalamba vidole. Chiku akimwona anapita, shingo inamrefuka. Alijivuna, na nani wa kumlaumu?

Siku moja tawi likamsaliti. Kra! Mbelwa akaja chini pamoja na mzinga wake.

Akaitwa fundi wa mifupa. Akavuta, akanyoosha, akafunga kwa vijiti. Miezi ikapita, vijiti vikafunguliwa. Fundi akaugonga mguu kwa kidole, akasema, "Mfupa umeunga. Ila mguu umesahau kazi. Kuukumbusha si kazi yangu, ni yenu."

Haya, wenyewe wakaanza. Mhando akakata mianzi, akaisimika uani, mmoja huku na mmoja kule, mwanawe apate pa kushika. Chiku akamkanda asubuhi kwa mafuta ya nyonyo, akamkanda mchana, akamkanda jioni. Lakini Mbelwa akiinuka kidogo, akitetemeka kidogo, Chiku huyo! Keshamdaka kwapani, keshamketisha. "Basi, mwanangu. Kwa leo yatosha."

Na majirani nao! "Pole, Mbelwa." "Pole, mama Mbelwa." "Poleni nyote." Pole zikajaa nyumba ile hata pa kukanyaga pakakosekana. Kijana akageukia ukutani.

"Mama," akasema, "shoka langu mpeni mtu mwingine."

Nisikilizeni hapo. Shoka lile lilikuwa la marehemu babu yake, mume wa Bibi Mamvua. Na desturi ya vilima vile ilikuwa hivi: msimu wa asali ukifunguliwa, warina wote hukutana uwanjani, ng'ambo ya kijito. Mashoka hulazwa chini. Kila shoka huitiwa mwenyewe mara tatu, naye mwenyewe asimame kwa miguu yake aitike. Asipoitika, shoka linachukuliwa na mwingine, na miti ya ukoo inalifuata. Chiku aliposikia "mpeni mtu mwingine," alitoka nje akalia nyuma ya jiko.

Bibi Mamvua naye alisikia. Hakulia. Aliguna tu, mh!

Sasa, bibi na mjukuu ni watani, au kwenu sivyo? Bibi humwita mjukuu "mume wangu." Ruhusa kumtukana, ruhusa kumchukulia chake. Na aliyechukuliwa haruhusiwi kununa, wala kumtuma mtu. Atakikomboa mwenyewe.

Asubuhi Bibi akaingia chumbani, akabeba makubadhi ya Mbelwa. "Mume wangu, mtu wa kulala anataka viatu vya nini? Nakwenda kumvalisha mbuzi." Akayatundika kwenye mlango wa jikoni.

Chiku akayachukua mbio, akamrudishia mwanawe.

"Nani ameyaleta?" Bibi akauliza.

"Mimi, mama."

"Ala! Kwani mume wangu ni wewe? Mwanamke, unaniharibia utani!" Akayabeba tena, safari hii mpaka zizini.

"Mama, huyu mtoto ni mgonjwa!" Chiku akasema.

"Mtoto ana ndevu? Kilichougua ni mfupa, na mfupa umepona. Asiyeinuliwa na mamaye huinuliwa na bibiye."

Mbelwa alitaka kununa, lakini kununa ni mwiko. Akashika ukuta, akashika mianzi, akashika pembe ya mbuzi. Jasho tiriri! Akarudi na makubadhi yamening'inia shingoni. "Mke mzee mwizi!" akapiga kelele. "Mume goigoi!" Bibi akajibu. Wakacheka wote wawili. Chiku alisimama na mwiko mkononi, ugali unaungua, hajali. Hakuwa amesikia kicheko kile tangu siku ya tawi.

Mara ya pili Bibi akaiba kigoda, akaenda kukitupa migombani kwa jirani. Mbelwa akatoka na fimbo, hatua kwa hatua. Katikati ya njia, puu! Chini. Chiku akaruka, lakini mkono ukamshika. Ni Mhando, yule asiyesema.

"Mwache," akasema. "Alichoangusha atakiokota mwenyewe."

Chiku akamtazama mwanawe akijiokota mavumbini. Iliuma, wenzangu. Iliuma kuliko uchungu wa kumzaa. Lakini kigoda kilirudi.

Mara ya tatu? Semeni wenyewe, aliiba nini?

— Shoka!

Shoka, ndiyo! Siku ya kufungua msimu, jua halijapanda vizuri, Bibi Mamvua akalitia shoka begani akashuka bondeni anaimba:

Shoka langu, shoka tamu,
mume wangu hana hamu,
nampa mwingine!

Akalilaza uwanjani pamoja na mengine. Mbelwa akasikia wimbo ukififia. Akachukua fimbo, akatoka bila kuaga.

Chiku akavua kanga ya mabegani, akampa mumewe. "Baba Mbelwa, nifunge mikono nyuma."

"Kwa nini?"

"Naijua mikono hii. Haisikii."

Mhando akamfunga. Mnacheka? Mwanamke mwenye heshima zake akashuka kilima amefungwa kama mwizi wa kuku, watu wanamtazama, naye macho yako kwenye mgongo wa mwanawe tu.

Wakafika kijitoni. Mawe yana utelezi. Mbelwa akakanyaga la kwanza, akakanyaga la pili, la tatu likamkana. Chubwi! Fimbo ikaenda na maji. Na uwanjani, mwitaji akapaza sauti: "Shoka aliloleta Mamvua! Mwenyewe yuko wapi?"

Mikono ya Chiku ikavutana na kanga mpaka fundo likamkaza nyama. Mbelwa akageuka, tope mpaka nyusi. "Mama, siwezi."

"Mwanangu," Chiku akasema, "ulipokuwa juu ya mti nilijivunia. Hata hapo ulipo najivunia. Inuka."

"Mwenyewe yuko wapi?" Mara ya pili hiyo. Watu wakaanza kulisogelea shoka. Mmoja alishalipima kwa macho, mate yanamtoka.

Mbelwa akashika jiwe. Akapiga goti. Akasimamisha mguu mzima, kisha ule uliosahau. Ukatetemeka. Ukatetemeka tena. Ukasimama! Hana fimbo, hana ukuta, hana mwanzi. Akapanda ukingo kwa mikono na magoti, akasimama tena, akaenda anayumba upande upande.

"Kwa mara ya tatu na ya mwisho! Mwenyewe yuko..."

"Nipo!"

Uwanja mzima ukageuka. Kijana kalowa, kachafuka, kasimama.

"Nipo nani?" mwitaji akauliza, maana desturi mtu hutaja jina lake na la baba yake, basi.

"Mbelwa! Mbelwa wa Mhando!" Akavuta pumzi. "Na wa Chiku!"

Jina la mama halikuwahi kutajwa uwanjani pale.

"Na mke mzee je, humtaji?" Bibi Mamvua akafoka. Lakini machozi yalikuwa yanamtiririka mashavuni, na mtani akilia ameshindwa. "Kuku! Kuku!" watu wakapiga kelele, maana faini ya mtani aliyelia ni kuku. Bibi akajifuta kwa upindo wa kanga. "Nitatoa jogoo," akasema, "tena mwenye kishungi. Mpeni mume wangu shoka lake, mnangoja nini?"

Mwitaji hakuliinua. Alikuna kichwa. "Mhando tunamjua. Huyo Chiku ni nani?"

Chiku alikuwa ndiyo kwanza anapanda ukingo, tope mpaka magotini. Mkono asingeweza kuunyoosha, ulikuwa umefungwa. Akainua kichwa.

"Ni mimi!" akasema, na kilima cha pili kikasikia. "Huyo ni wangu!"

Mwitaji akaliinua shoka kwa mikono miwili, akamkabidhi Mbelwa. Na tangu siku ile, kwenye vilima vile, mrina akiitwa hutaja baba, kisha akatulia kidogo, akataja mama.

Ngano nimeirina, nta nimebaki nayo, asali mmelamba ninyi. Imeisha?

— Imeisha!

Basi futeni midomo. Anayetaka zaidi akapande mti wake.