Sikitu Bado Anaamua

Bendi ya mtaa ilimkubali Sikitu, ila ilimtaka aje na gitaa lake, kwa sababu alipiga kwa mkono wa kushoto. Gitaa la namna hiyo lilikuwa moja tu mjini, la umeme, la zamani. Lilining'inia dukani kwa Bwana Chambuso, muuza redio na majokofu, ambaye bei yake haikushuka hata kwa machozi.

"Acha nilijaribu kwanza, ndipo niamue," Sikitu akasema.

Akapiga asubuhi nzima. Watu wakajaa, wakacheza katikati ya majokofu, wakauliza bei za redio na kuahidi kununua mwisho wa mwezi. Kesho yake ikawa vilevile.

"Umeamua?" Chambuso akauliza.

"Bado, bosi."

Siku iliyofuata akasema, "Nimeamua. Silinunui." Akaenda zake.

Duka likabaki na nzi. Chambuso akaleta mpigaji mwingine, wa mkono wa kulia, naye akalishika gitaa juu chini, likalia kama mbuzi aliyefungiwa guniani. Hakuingia mtu.

Jioni Chambuso akabisha hodi kwa Sikitu, gitaa begani.

"Chukua, mwanangu, ni lako. Nakuomba tu uje kulipiga dukani kwangu."

"Sijui, bosi. Halina spika."

Chambuso akakimbia kuleta spika, akaikabidhi, akashukuru, akaondoka.

Sikitu akafunga mlango. "Shangazi, waambie watoke."

Wateja wote wa Chambuso wakatoka chumbani: shangazi mwenyewe, wajomba, binamu, na bibi aliyecheza kuliko wote.

"Kesho," Sikitu akawaambia, "ulizeni na bei za majokofu."