Trifoni Bega la Mlima

Enyi ndugu wa chama, wekeni vikombe chini nimtaje mzee wetu wa kwanza. Zama zile Roma ilipotawala bara na visiwa, aliishi katika mji wa Kalidora Trifoni mwana wa Melita, Melita binti Sosio mchonga mawe. Trifoni Bega la Mlima, aliyezaliwa mtumwa asiyehesabiwa ukoo, akajikomboa kwa kubeba mbao miaka ishirini, kisha akamjengea mkewe Filumena nyumba kwa mikono yake mwenyewe.

Yeye ndiye aliyewaunganisha wapagazi, maseremala na wafua chuma, watu wasio na ukoo wala mtetezi, wawe ndugu wa kuzikana na kuzima moto. Lakini liwali wa Kaisari, aliyeona fitina katika kila mkusanyiko, akatangaza: "Kuanzia leo hakuna chama. Atakayewakusanya watu atakufa." Wakatawanyika, na mwezi mzima Trifoni akapishana na nduguze njiani bila hata salamu.

Ndipo adhuhuri moja ya kiangazi, moto wa tanuri la mwoka mikate ukashika paa, upepo ukaurusha nyumba hata nyumba, na watu wote wakamgeukia Trifoni. Alijua kwamba akiita, amejihukumu mwenyewe. Akaita. Wakaja mbio na mashoka na kamba, na alipoona kwamba moto hautazuilika ila kwa kukatiwa njia, na kwamba nyumba ya kubomolewa ni yake, akaliweka shoka chini.

"Bomoa, mume wangu," akasema Filumena. "Niliolewa na wewe, sikuolewa na kuta."

Trifoni akaegemeza bega kwenye nguzo, akaguna, nyumba ikalala chini. Moto ukafika pale ukakosa cha kula.

Kesho yake alisimamishwa mbele ya liwali. Liwali akanguruma, "Nani aliwapa ruhusa ya kukutana?"

"Bwana mkubwa, hatukukutana. Kila mtu aliukimbilia moto, na moto ulikuwa mmoja."

Liwali, ambaye nguo zake bado zilinuka moshi, akacheka hadi akafuta machozi. "Chama na kiwepo," akatamka.

Trifoni akaketi palepale sakafuni, akashusha pumzi aliyokuwa ameibana tangu jana.

Akaishi hata mvi zikamjaa, akafa usingizini, na ndugu mia moja wakamzika yeye aliyezaliwa bila ukoo. Tangu hapo mtu wa Kalidora akiona moshi hapigi ukelele wa moto. Huita, "Trifoni!" na milango yote hufunguka.