Firigisi ya Bi Mwanaidi

Hapo zamani, na zamani yenyewe ni ya juzi tu, Bi Mwanaidi wa Korogwe alipigwa picha ya tumbo akitafutwa mawe ya figo. Mawe hayakuonekana. Kilichoonekana ni kifuko cha maji kwenye kongosho, kikubwa kama limau.

Vifuko vya namna hiyo vingi hulala tu mpaka mwenyewe afe kwa uzee. Vichache hugeuka saratani. Na kukata kongosho si kutumbua jipu, wapo wasioamka. Kwa hiyo maji ya kifuko huvutwa kwa sindano, yakapimwa sukari. Ikiwa ndogo, kifuko ni cha kuogopwa. Ikiwa tele, mtu huachwa na kifuko chake.

Daktari Mhando, bwana kisu, hakutaka habari za vipimo. Akate tu, basi. Huyo hata ukimwonyesha ulipoumwa na mbu ataomba kisu. Wagonjwa wawili aliowakata kabla walikutwa na vifuko visivyo na neno, na mmoja wao, fundi cherehani, hakurudi tena kwenye cherehani yake.

Daktari Kilua, bwana sindano, alivuta maji akajaza chupa mbili. Moja akaiweka kwenye barafu. Ya pili, iliyotakiwa maabara saa ileile, akaitia mfukoni mwa koti akaenda kula pilau ya harusi. Na maji hayo yakikaa kwenye joto, sukari yake huliwa na chembe hai zilizomo. Kesho yake akaikumbuka, akaipeleka bila haya.

Bi Hiyari wa maabara akapima, akakuta sukari ndogo. Akawaambia maji yamelala nje, hayaaminiki, wasimguse mama wa watu mpaka apime ya barafu. Mhando alisikia neno "ndogo" tu. Akakata.

Hiyari akapima ya barafu: sukari tele. Kipimo safi kilisema mama aachwe. Lakini ndani ya kifuko walikuta saratani imeshaanza kuota.

Mwanaidi akapona. Akachinja kuku, akawaalika wote watatu. Kwao firigisi hupewa mgeni wa heshima, na haigawanywi. Aliwaona wale wasomi wakiikodolea macho sahani, akawadharau. Kumbe hawa ndio aliowaachia tumbo lake!

"Kisu changu ndicho kilichoitoa saratani," alisema Mhando.

Mwanaidi alimkumbuka fundi cherehani.

"Ningeiwahisha chupa, leo mngekuwa mnakula ubwabwa wa hitima," alisema Kilua, akijipapasa koti.

Mwanaidi alitamani kucheka. Tangu lini mtu akadai shukrani kwa kusahau?

Hiyari alimgeukia Mwanaidi. "Mama, mimi nilifuata njia iliyo sawa, ikanipeleka pabaya. Wenzangu waliiacha, wakafika. Kesho akija mgonjwa mwingine, utamwambia afuate ipi?"

Huyo naye Mwanaidi hakumwonea huruma. Ukweli wake ungemzika mtu, tena kwa adabu zote.

Akawaza firigisi ampe paka. Angempa kweli, angalau paka hajui kujisifu. Lakini Riziki, mdogo wake, aliyekuwa akipakua wali, aliweka upawa chini. Picha yake naye ilitoka wiki hiyo ya karamu: kongosho, kifuko, limau. Alikuwa hajamwambia mtu.

"Dada," alisema, "utakayempa firigisi ndiye nitakayempa tumbo langu."

Dharau yote ikamwishia Mwanaidi. Akaishika sahani, akamtazama mwenye kisu, akamtazama mwenye koti, akamtazama mwenye kipimo.

Haya, nyinyi mliokuwa mkiwacheka pamoja naye, wali unapoa na Riziki anangoja. Je, nani alistahili firigisi?