Hati Iliyotundikwa Juu

Wapendwa, fumbeni macho kidogo tuingie darasa moja huko milimani, saa ile ukungu unapoingia dirishani na kukaa kwenye madawati kama mwanafunzi aliyechelewa.

Kulikuwa na mwalimu mmoja wa historia. Juu ya ubao wake ilitundikwa hati ya waasisi wa kijiji, ndani ya kioo. Kila mwaka waliishusha, wakaizungusha kijijini kwa nyimbo, wakairudisha juu. Na kila mtoto alijua inasema nini: chemchemi ni ya wazawa. Ndiyo maana watu waliohamia bondeni walikunywa maji ya mto, yenye tope.

Siku hiyo alifundisha kuandika aya. "Toa hoja. Kisha leta maneno ya hati yenyewe, kama yalivyo. Kisha eleza yanavyoithibitisha hoja yako. Hoja bila ushahidi ni umbea uliovaa sare."

Kalamu zikaanza kunong'ona. Binti mmoja hakuandika.

"Mbona karatasi nyeupe, mama?"

"Hoja ninayo, mwalimu. Chemchemi ni ya wazawa. Natafuta maneno."

"Si yale pale?"

"Yako juu mno. Naomba nipande meza."

"Panda, wakili," mwenzake akamwambia. "Ukianguka, ushahidi tunao."

Akapanda, akapangusa kioo kwa kiganja, akasoma polepole kama mtu aliye ndotoni: "Tulifika hapa tukiwa wageni wenye kiu, tukapewa maji na watu tusiowajua. Basi maji haya asinyimwe yeyote mwenye kiu."

Ukungu ukapita katikati yao.

"Mwalimu," binti akauliza kutoka kule juu, "wewe uliisoma lini?"

Ninyi mngemjibu nini? Miaka kumi na tisa aliifundisha. Aliwahi hata kuibeba begani kwenye nyimbo. Kuisoma, hakuwahi. Na jana yake tu, kule bondeni, walikuwa wamezika mtoto aliyeharishwa na maji ya mto.

Mnamcheka mwalimu? Basi mnanicheka mimi. Mwezi uliopita mjane mmoja alikuja mlangoni kwangu, upepo umeezua paa lake. Nikamwambia, "Mama, Maandiko yanasema, jisaidie nami nitakusaidia." Akainamisha kichwa, akaenda zake. Shule yangu iliishia darasa la saba, lakini kusoma najua. Nimelitafuta neno hilo tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Halipo, ndugu zangu. Kila nilipofunua nilimkuta mjane, na Mungu amesimama upande wake.

Sisi Kitabu tunakipenda. Tunakiapia, tunakifunika kitambaa cha kufuma, tunakiweka juu ya kabati watoto wasikifikie. Kishusheni. Na mtu akikwambia "imeandikwa", hata akiwa mimi, muulize kwa upole: wapi?

Tukitoka hapa, mwenye nyundo anifuate. Paa la yule mama bado liko wazi, na mawingu mmeyaona.